Imekataa Wapi?

Sisi Wakenya tuna kitenzi kimoja ambacho tumekitwika mzigo wa mitambo yote: kukataa. Gari limekataa. Jiko limekataa. Simu imekataa kuchaji. Tunasema hivyo kana kwamba kifaa kimeketi, kikafikiri, kikaamua leo hapana. Na kwenye kampasi niliyosomea, ukiona makomredi wamebanana ngazini nje ya maktaba, laptopu mapajani, nyuso zimekunjana, hukuhitaji kuuliza. Waifai imekataa.

Ukiwa na Windows, huko kukataa kuna wenyewe. Ofisi ya TEHAMA imebandika karatasi ukutani: bonyeza hapa, andika nambari ya usajili, weka nywila, kubali. Wenye Android wana karatasi yao. Ukiwa na Linux huna karatasi. Ukifika dirishani, fundi anaangalia skrini yako kama daktari wa meno aliyeletewa mbuzi.

"Hii ni nini sasa?"

"Ni Xubuntu, mkubwa."

"Kijana, weka Windows. Hii itakusumbua."

Mimi sikuingia Linux kwa itikadi. Laptopu yangu ilikuwa mtumba, RAM ya GB 4, diski ya ile ya kuzunguka, na nilitaka mfumo mwepesi usiokula bando langu bila kuniuliza. Xubuntu ni ndugu mdogo wa Ubuntu, mfumo ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kutoka mara ya kwanza Oktoba 2004. Jina lenyewe halihitaji kamusi kwetu: ubuntu ni utu. Ni wa bure, na yeyote anaweza kusoma jinsi ulivyoandikwa. Mimi nilipendea ubure. Hayo mambo ya kusoma yalikuja baadaye, kwa lazima.

Yalikuja siku nilipoacha kuuliza mbona imekataa, nikaanza kuuliza imekataa wapi. Kwa sababu waifai si kitu kimoja. Ni ngazi, na kila kipandio kina swali lake.

Swali la kwanza: je, mfumo unaiona kadi? Jirani yangu wa hosteli alisakinisha Ubuntu, ile alama ya waifai haikutokea kabisa. Kadi yake ilihitaji draiva ya kupakua. Draiva iko kwa intaneti, na intaneti inataka draiva. Tulichomeka simu kwa kebo ya USB, tukawasha kushiriki data, na laptopu ikaichukulia simu kama waya tu. MB chache, draiva ikaingia. Swali la pili: redio imewashwa? Amri ya `rfkill list` hukuambia kama kuna kidole kilichobonyeza kitufe cha ndege bila mwenyewe kujua. Hivi vipandio viwili ni vya dakika kumi.

Cha tatu ndicho kilichonila wiki mbili: je, mtandao unakutambua?

Vyuo vingi duniani, na hapa kwetu kupitia KENET, hutumia eduroam. Wazo lake ni zuri sana. Jina la mtandao ni moja kila mahali, na ukitembelea chuo kingine, kile chuo hakina haja ya kukujua. Kinapeleka salamu zako kwa seva ya chuo chako, na seva hiyo inajibu: huyu ni wetu, au huyu simjui. Ni kama barua ya chifu, ila inafika kwa sekunde. Lakini kabla hujataja nywila, laptopu yako na seva lazima zichimbe handaki la siri kati yao, na seva ionyeshe cheti chake ili ujue hujamwambia siri mtu baki.

Mwaka wa 2022 nilipanda toleo la 22.04, na waifai ya kampasi ikakataa. Ofisini niliambiwa nywila yangu si sahihi, nibadilishe. Nikabadilisha. Ikakataa. Nikaambiwa nibadilishe tena. Mara ya tatu nilirudi chumbani nikafungua lile dirisha jeusi, nikaandika `journalctl -u wpa_supplicant`, nikasoma logi mstari kwa mstari. Ulikuwepo mmoja uliosema `unsafe legacy renegotiation disabled`.

Maana yake ni hii. Mwaka wa 2009 iligunduliwa kasoro katika namna kompyuta mbili zinavyoweza kuanza upya mazungumzo ya siri katikati ya safari: mtu wa tatu angeweza kupenyeza maneno yake. Marekebisho yakachapishwa 2010. Toleo la 22.04 lilikuja na OpenSSL 3, ambayo ilianza kukataa kuongea na seva yoyote ambayo haijawahi kuweka marekebisho hayo. Seva ya chuo chetu ilikuwa haijaweka. Kwa hivyo ni laptopu yangu iliyokuwa inakataa, na kwa sababu nzuri. Na hapa ndipo nilicheka peke yangu usiku: nywila ilikuwa haijawahi kutumwa. Wiki mbili nashtakiwa kwa jibu baya, na swali lenyewe halijaulizwa.

Dawa ilikuwa kuandikia programu ya waifai faili yake ya mipangilio, iruhusiwe ile njia ya zamani yenyewe pekee, mfumo mwingine wote ubaki mkali. Nikaunganishwa. Nikaandika hatua zote kwenye karatasi, nikapiga fotokopi, nikabandika karibu na ile ya Windows.

Chini yake niliongeza onyo ambalo bado nalisimamia. Kuna kisanduku kinachokuambia unaweza kuendelea bila cheti, na watu wengi watakuambia ukitie alama, yaishe. Usikubali. Mtu akiwasha waifai yenye jina lile lile pale kantini, laptopu yako itampelekea majibu yako bila kusita, na tangu 2012 Moxie Marlinspike na David Hulton walionyesha kwamba njia ya MS-CHAPv2 inayobeba hiyo nywila inavunjika. Kwetu nywila hiyo hiyo ndiyo ilifungua alama zako na karo yako. Tafuta cheti cha chuo, kiweke.

Vipandio vilivyobaki ni vya haraka: umepewa anwani? Majina ya tovuti yanatafsiriwa? Na kama inaunganika halafu inakufa kila dakika chache, zima ile hali ya kuokoa nguvu ya kadi. Ni tarakimu moja: unageuza 3 iwe 2.

Kisha ikaja semesta ya pili ya mwaka wa tatu. Karo haikutosha. Tovuti ya wanafunzi iliniambia niwasiliane na ofisi. Ofisi iliniambia nisubiri. Nilisubiri nikiendelea kuhudhuria mihadhara, nikikaa nyuma. Asubuhi moja waifai ikakataa, na mkono ukaenda wenyewe kwa logi. Kadi, sawa. Redio, sawa. Cheti, sawa. Handaki, sawa. Halafu seva ikajibu: `error 647`.

Itifaki hiyo ina nambari zake, na zina maana tofauti. 691 ni kwamba jina au nywila haikukubaliwa. 648, nywila imeisha muda. 647, akaunti imezimwa. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia. Nilijulia pale, kitandani, saa moja asubuhi, kutoka kwa mashine ambayo haikuwa na sababu ya kunionea haya.

Nyumbani wakiulizwa husema masomo yalikataa. Wanasema kwa upole, na najua wanalinda jina langu. Lakini ukisema masomo yalikataa, msikilizaji anajijazia mwenyewe: kichwa, pombe, msichana. Mimi hutaja kipandio. Yalikataa kwa karo, mwaka wa tatu, semesta ya pili. Vipandio vya chini yake vilikuwa sawa, na alama zipo.

Siku hizi naandika kwa kulipwa neno kwa neno, na naishi mtaa wa karibu na kampasi kwa sababu nyumba ni za bei nafuu. Bado wananiletea laptopu. Juzi alikuja msichana wa mwaka wa kwanza, Ubuntu mpya kabisa, akasimama mlangoni.

"Bro, waifai imekataa."

Nilimsogezea kiti, nikamwachia kibodi. Alisoma logi polepole, midomo ikitembea, akafika mstari wa tisa akasimama.

"Inasema cheti hakijulikani."

"Basi si wewe," nikamwambia. "Endelea kusoma."