Kioo Cheusi Ghorofa ya Nne

Mwaka 2009 mkongo wa intaneti wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Kabla ya hapo ofisi nyingi za eneo la Posta, katikati ya jiji, zilitegemea setilaiti, na intaneti ilikuwa kitu cha kupimiwa. Mikongo ilipoingia, kila mkurugenzi alitaka matawi yake ya mikoani yaunganishwe na makao makuu, na makao makuu yakahitaji chumba cha seva. Ndivyo nilivyojikuta, kijana mwenye cheti kipya, nikifanya kazi ghorofa ya nne ya jengo moja karibu na Mtaa wa Samora, katika chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya mafaili.

Makabati ya chuma yalikuwa matatu, kila moja la yuniti 42. Viyoyozi viwili vilipokezana usiku na mchana, na feni za seva zilivuma kiasi kwamba ukitaka kusikika ulimsogelea mwenzako sikioni. Mwezi wa pili, Dar es Salaam yote ikitoka jasho, sisi mle ndani tulivaa masweta.

Kabati la kati lilikuwa na droo nyembamba, unene wake yuniti moja, yaani kama sentimita nne na nusu. Ukiivuta, kioo cha inchi 17 kinainuka, na chini yake kuna kibodi. Nyuma ya droo ndipo ilipofungwa swichi ya KVM yenye matundu 16. Kibodi moja, kioo kimoja na mausi moja vilihudumia seva zote: unabonyeza Scroll Lock mara mbili, orodha inatokea, unachagua seva unayoitaka. Wageni walioletwa kutazama chumba waliipita droo ile bila kuiangalia. Mimi niliithamini kuliko vyote mle ndani, maana mtandao ukikatika hatukuwa na njia nyingine ya kuzifikia seva zetu.

Fundi mkuu tulimwita Mzee tu. Alikuwa mtu wa Tanga, mpole, na kabla ya kompyuta alikuwa ametengeneza televisheni Kariakoo kwa miaka mingi. Wahandisi vijana walimwona amepitwa na wakati. Mimi naamini hakuna mafunzo yaliyomfaa zaidi kwa kazi ile. VGA, njia iliyoleta picha kutoka seva hadi kwenye kioo chetu, ilitolewa na IBM mwaka 1987, na picha yake ni umeme unaopanda na kushuka kama wa televisheni za zamani: waya tatu za rangi, nyekundu, kijani na buluu, na waya mbili za kupanga mistari. Mzee alikuwa akitazama kioo tu, anajua ni waya upi umekatika.

“Shikamoo Mzee, kioo kimekuwa cha njano.”

“Marahaba. Buluu imepotea hiyo. Kachomoe kebo, tazama pini ya tatu.”

Na kweli, pini ya tatu ingekuwa imepinda au imeingia ndani. Kioo kikiwa cha zambarau, kijani ndiyo imekosekana, pini ya pili. Kikiwa cha samawati, ni nyekundu, pini ya kwanza. Picha ikiteleza au kujikunja, angalia ya 13 na ya 14. Alinifundisha kukaza skrubu mbili za pembeni kwa vidole, taratibu, kwa sababu kebo inayoning'inia nyuma ya kabati hujivuta yenyewe kwa uzito wake. Na kwa kuwa bahari ilikuwa karibu, na viyoyozi vikizimika tulifungua madirisha, pini zilipata kutu ya kijani. Tulizisugua kwa spiriti na mswaki laini, tukaziacha zikauke kabla ya kuzirudisha.

Kabati la tatu lilikuwa mbali kidogo, hivyo picha yake ilisafirishwa kwa kebo ya mtandao, ya Cat5. Herufi zilikuwa na kivuli chekundu upande mmoja. Ofisi ikanunua kebo mpya ya Cat6, ghali zaidi, na kivuli kikazidi. Mzee alitueleza kwamba ndani ya kebo hizo jozi za waya husokotwa kwa viwango tofauti, na zile zilizosokotwa sana ni ndefu zaidi zikinyooshwa. Rangi moja inachelewa kufika, basi inaonekana pembeni ya wenzake. Katika Cat6 tofauti hiyo mara nyingi huwa kubwa zaidi. Tulirudisha kebo ya zamani.

Yote hayo yalikuwa mambo madogo mpaka ulipokuja mgao wa umeme wa mwaka 2011. Mwaka ule umeme ulikatika saa nyingi kwa siku, jenereta ya jengo ilichelewa kuwaka, na UPS zetu, yaani betri za akiba, zilichoka. Kila umeme uliporudi, seva ziliamka zote kwa pamoja, na kila mara kulikuwa na moja au mbili zilizotoa kioo cheusi.

Sababu ilinichukua muda kuielewa, na ninaieleza hapa kwa sababu bado nakutana na mafundi wasioijua. Seva inapowaka huuliza: nimeunganishwa na kioo gani? Kioo hujibu kwa kutuma maelezo yake, EDID, baiti 128 zinazotaja mtengenezaji, ukubwa na vipimo vya picha vinavyokubalika. Mazungumzo hayo hupita kwenye pini ya 12 na ya 15. Swichi za KVM za bei ya kawaida hupitisha jibu kwa seva moja tu, ile iliyochaguliwa wakati huo. Nyingine zinauliza na hakuna anayezijibu. Baadhi huamua kwamba hazina kioo na hazitoi picha kabisa, na nyingine hutoa picha kwa kipimo zinachokijua zenyewe. Seva ni nzima, inafanya kazi, ila haionekani.

Usiku mmoja wa mwisho wa mwezi, wakati wa mishahara, umeme ulirudi na seva ya uhasibu ikawa nyeusi. Maandishi meupe ya mwanzo yalionekana, kisha mfumo ulipoingia kioo kikaandika kwamba kipimo kimezidi uwezo, halafu giza. Bosi wa fedha alikuwa amesimama nyuma yetu. “Mzee wangu, izime tu uiwashe upya, watu wanasubiri hela zao,” akasema, na mkono wake tayari ulikuwa unaelekea kwenye kitufe.

Mzee alijiweka kati yake na kabati, kwa heshima, bila kuinua sauti. “Naomba dakika mbili, bosi.” Akaniambia nifungue laptopu yangu niipigie seva ping. Ikajibu. Tukampigia simu mtu wa tawi la Mwanza. Alikuwa amekwisha kuingia kwenye mfumo na anaendelea kuhakiki orodha. Kuikatia umeme hifadhidata iliyo katikati ya kuandika ni kuhatarisha kumbukumbu zote za mwezi, na ndicho kitu ambacho kingetokea kwa sababu ya kioo tu.

Tuliingia kwa mtandao na kukuta chanzo. Fundi wa nje aliyekuja wiki iliyotangulia alikuwa ameunganisha kioo chake kikubwa moja kwa moja, akaweka kipimo cha 1600 kwa 1200. Droo yetu mwisho wake ulikuwa 1280 kwa 1024. Tukashusha hadi 1024 kwa 768, mizunguko 60 kwa sekunde, na picha ikarudi palepale. Mishahara ilitoka asubuhi.

Baada ya usiku ule Mzee alipanga utaratibu. Swichi na droo zikapata UPS yao wenyewe, ili zisizimike kamwe kabla ya seva. Umeme ukirudi, tuliwasha seva moja moja, kila moja ikiwa imechaguliwa kwenye swichi mpaka iamke. Kwa zile seva tulizozifikia kwa mtandao tu, alikwenda Kariakoo akanunua vizuizi vya omu 75, akachomelea vitatu kwenye kichwa cha VGA, kimoja kwa kila rangi, na kadi za picha zikaamini kuna kioo. Kazi ile ilifanyika kwa shilingi chache, na ilidumu muda wote niliokuwa pale.

Chumba kile hakipo tena, na Mzee alistaafu akarudi Tanga. Siku hizi seva nyingi zina njia yao ya kusimamiwa kwa mbali, lakini katika ofisi nyingi za mikoani droo na swichi bado zinafanya kazi, na seva mpya nyingi bado zinatoka na tundu la VGA. Kama chumba chenu ni mojawapo, andikeni leo orodha ya matundu, seva ipi iko tundu lipi, muibandike mlangoni mwa kabati. Na kioo kikiwa cheusi, ipigieni seva ping kwanza kabla mtu hajagusa kitufe cha umeme.