Fa, Fe, Fi, Fo, Fu

Mwaka nilipovunjika meno mawili ya mbele, wanafunzi wangu wa darasa la kwanza waliandika "pimbo" badala ya fimbo. Niliwasomea imla ya maneno matano, nikakusanya madaftari, nikaketi chini ya mwembe kusahihisha. Daftari la kwanza: pimbo, bazi, pagio. La pili vilevile. Nilipofika la kumi na moja nikaiweka chini kalamu nyekundu. Watoto hawakukosea. Waliandika walichokisikia.

Herufi F huzaliwa pale ncha za meno ya juu zinapogusa mdomo wa chini na pumzi ikapenya katikati. V vivyo hivyo. Mimi ncha hizo sikuwa nazo tena, kwa hiyo midomo yangu ilikutana yenyewe kwa yenyewe. Nilikuwa na umri wa miaka 34, mwaka wa kumi na tatu kazini, na kufundisha kusoma ndiyo kazi pekee niliyowahi kuipenda. Siku ile nililia kwa ajili ya meno yangu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeyaficha miaka mingi bila kuyalilia.

Nimezaliwa Maji ya Chai, Arumeru, miguuni pa Mlima Meru. Jina la mahali hapo linajieleza: mto wake una maji yenye rangi ya chai. Tulichota humo na kwenye chemchemi za jirani, tukayanywa, tukayapikia. Watu wengi niliokua nao walikuwa na meno ya kahawia, mengine yenye mistari myeupe kama chokaa, mengine yenye vishimo. Hakuna aliyemcheka mwenzake. Kwetu meno ya kahawia yalikuwa ni meno tu.

Aibu nilifundishwa ugenini. Nilipelekwa chuo cha ualimu mbali na nyumbani, kisha nikapangiwa shule Muheza, mkoa wa Tanga, ambako watoto wana meno meupe kama nazi iliyokunwa. Wiki yangu ya kwanza mtoto mmoja aliniamkia vizuri, "Shikamoo, Mwalimu," kisha akaniuliza kwa upole kabisa kama kwetu hakuna miswaki. Wala hakuwa mtundu, alitaka kujua. Tangu siku hiyo nikawa nafundisha nikiwa nimeinua daftari mbele ya mdomo. Kwenye picha zote za harusi za wadogo zangu nimefumba midomo. Mtu mzima mmoja, tena msomi, alishawahi kuniambia mbele ya walimu wenzangu kwamba usafi wa mwalimu huanzia kinywani. Nilikuwa nikipiga mswaki mara tatu kwa siku.

Kosa langu kubwa ni kwamba nilimsadiki. Nikaanza kusugua. Nilisugua kwa majivu, kwa mkaa uliosagwa, kwa mchanga laini, kwa ndimu na chumvi. Likizo moja nikaenda kwa mtu aliyekuwa akisafisha meno kibandani pembeni mwa soko. Alichukua kitu kama tupa ndogo akayakwangua yale ya mbele hadi yakawa meupe. Niliondoka nikicheka wazi, na kwa miezi miwili hivi nilikuwa na furaha. Nawasihi mnaosoma hapa, msimruhusu mtu yeyote akwangue meno yenu. Ile rangi haikai juu ya jino kama uchafu. Imo ndani ya gamba lenyewe, na gamba hilo kwa mtu wa kwetu tayari ni dhaifu, lina matundu yasiyoonekana kwa macho. Alichokikwangua yule bwana ni ngao niliyokuwa nimebakiziwa.

Baada ya hapo chai ya moto ikawa adhabu, na maji ya baridi vilevile. Magego yakaanza kumeguka vipande vipande, safari moja kwenye makande, safari nyingine kwenye kipande cha muwa. Kila lilipouma nilikwenda zahanati likang'olewa. Siwalaumu waliong'oa, hawakuwa na vifaa vya kufanya lolote jingine, na mimi mwenyewe nilikuwa nikiwaomba waling'oe nipate kulala. Ila hakuna aliyeniambia kitu nilichokuja kukijua baadaye: magego ndiyo nguzo za kinywa. Ukiyaondoa, mzigo wote wa kutafuna huhamia kwenye meno ya mbele, ambayo hayakuumbwa kuubeba. Yangu yalikuwa yamekwanguliwa. Yakasagika, yakafupika, taya zikakaribiana, uso ukaingia ndani kama wa bibi kizee. Kisha yale mawili yakavunjika kwa wiki moja, na ikaja ile imla.

Mwalimu mkuu wangu ndiye aliyenisukuma. Alisema, "Mwalimu, nenda Dar es Salaam, utafute bingwa. Darasa tutaligawana." Nikafikia kwa mama mdogo Mbagala, nikapanga foleni ya wagonjwa wa meno katika hospitali ya rufaa, na siku ya pili nikaketishwa mbele ya daktari bingwa wa kurejesha meno, mama wa makamo mwenye sauti ya chini.

Aliwasha taa, akaniambia nifumbue kinywa. Nikafumbua huku nimefumba macho, nikisubiri lile swali la mswaki. Akauliza, "Mwalimu, umekulia Arusha au Kilimanjaro?"

Sikuweza kujibu. Machozi yalinitoka hadi yakaingia masikioni, kwa kuwa nilikuwa nimelala chali. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameyatazama meno yangu akaona mahali nilikotoka badala ya uchafu. Alizima taa, akaniketisha, akanieleza kwa utulivu kana kwamba hakuna mgonjwa mwingine nje. Miamba ya volkano ya Meru na Kilimanjaro ina madini ya floraidi, na maji yanayopita humo huyayeyusha. Floraidi kidogo hulinda meno, ndiyo maana imo kwenye dawa ya mswaki. Ikizidi wakati meno ya mtoto yangali yanajengwa ndani ya fizi, yaani katika miaka minane hivi ya mwanzo, gamba la jino halikomai sawasawa. Jino hutoka likiwa limekwisha kuumia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Nilipokuwa mtoto, kiwango cha muda cha Tanzania kwa maji ya vijijini kiliruhusu hadi miligramu 8, kwa sababu sehemu nyingi hapakuwa na maji mengine ya kunywa, na kuna vyanzo vya kwetu vilivyopita hata hapo. Magadi tunayopikia makande ili yaive haraka nayo yana floraidi. Kuchemsha hakuiondoi, kwani maji yanapopungua sufuriani floraidi hubaki.

Alipomaliza akasema, "Kwa hiyo hukukosea kitu." Maneno hayo sijayasahau.

Kazi yenyewe ilichukua miezi kumi na minne. Nilikuwa nimebakiwa na meno 23. Picha za eksirei zilionyesha manne hayaokoleki, yakatoka. Yaliyobaki 19 akasema tutayapigania. Kabla ya kugusa chochote alisafisha fizi, akachukua chapa za taya zote mbili kwa unga uliokorogwa mzito kama uji, akamimina plasta, na siku nyingine akaniwekea mezani kinywa changu chote kikiwa kimefungwa kwenye chombo kinachofunguka na kufumba kama taya. Juu ya plasta alikuwa amejenga kwa nta meno jinsi yatakavyokuwa. Niliyashika mkononi muda mrefu.

Meno yangu yalikuwa yamesagika kiasi kwamba hapakuwa na nafasi ya kuweka mapya, kwa hiyo ilibidi taya zinyanyuliwe kwanza. Milimita tatu tu. Nilivaa kifaa cha plastiki usiku na mchana kwa wiki nane, taya zijifunze urefu wa zamani. Wiki ya kwanza misuli ya mashavu iliuma hadi kisogoni, nikawa nanywa uji na mchuzi. Wiki ya tatu nikajikuta nimesahau kama nimekivaa.

Kisha meno sita yakatibiwa mizizi. Hapa pana hofu nyingi, na mimi nilikuwa nayo yote. Unadungwa sindano ya ganzi, jino linazungushiwa kitambaa cha mpira, linatobolewa, mshipa uliooza unatolewa kwa vijisindano vyembamba, mfereji unasafishwa na kuzibwa. Yalinichukua safari saba. Maumivu niliyoyapata ni madogo kuliko usiku mmoja wa jino linalouma. Ningelijua hilo mapema, magego yangu mengine leo yangekuwa kinywani.

Safari za basi kutoka Muheza nimeacha kuzihesabu. Gharama nzima ilikaribia mshahara wangu wa mwaka. Bima ilinilipia kung'oa na kuziba, lakini kofia za kuvika meno yaliyochongwa ilizikataa kwa maelezo kwamba ni urembo. Nilikopa kwenye kikoba, kaka yangu akauza ng'ombe, walimu wenzangu wakanichangia bila kuombwa. Bado naumia nikilikumbuka lile neno urembo. Mwalimu asiyeweza kutamka F hatafuti urembo. Na watoto wa vijiji vyetu, walioharibikiwa na meno kwa kunywa maji ya bomba la kijiji, si watu wa kuambiwa wajilipie.

Meno 16 yalichongwa yakavikwa kofia. Kwanza zilikuwa za muda, za plastiki, niishi nazo miezi mitatu ili tuone nini kirekebishwe, na hapo ndipo daktari aliponishangaza. Alisogeza kiti, akasema, "Sasa Mwalimu, nifundishe kusoma. Fa."

"Fa," nikasema.

"Endelea."

"Fe, fi, fo, fu."

Alikuwa akitazama mahali ncha za meno zinapogusa mdomo wa chini. Zilikuwa ndefu mno. F ilitoka nzito. Akapunguza kidogo sana kwa kijiwe kinachozunguka, akaniambia nirudie. Va, ve, vi, vo, vu. Halafu akaniambia nihesabu kuanzia sitini. Sitini na moja, sitini na mbili, hadi sitini na sita. Kwenye S meno ya juu na ya chini hukaribiana bila kugusana. Yakigongana, ujue taya zimenyanyuliwa kupita kiasi. Yangu hayakugongana. Mimi nilidhani meno hupimwa kwa rula. Kumbe yanapimwa kwa silabi zile zile ninazoziandika ubaoni kila Januari.

Tulibishana juu ya rangi. Nilitaka nyeupe kuliko zote, nilipie ile miaka yote. Alinipa kioo, akaniwekea vipande viwili vya rangi mdomoni, akaniacha peke yangu. Ile nyeupe sana ilionekana kabla yangu. Nikachagua ya pili yake, yenye umanjano kidogo, kama punje ya mahindi mabichi.

Za kudumu ni za porselini juu ya chuma. Kwenye mapengo ya juu kuna madaraja yaliyoshikwa na meno ya pembeni. Nyuma chini, kulia na kushoto, navaa meno bandia ya kuvua, yenye fremu ya chuma. Vipandikizi vya kuchomekwa kwenye mfupa alinieleza, lakini fedha haikutosha na sikutaka kudanganya nafsi. Kila usiku nayavua, nayasugua kwa brashi yake, nayaweka kwenye maji. Chini ya madaraja napitisha uzi mgumu. Kila baada ya miezi sita narudi kukaguliwa, kwa sababu kofia haiozi lakini jino lililo chini yake linaweza kuoza pembezoni mwa fizi. Kazi hii ina umri wake, aliniambia hivyo tangu mwanzo, na siku moja baadhi zitahitaji kubadilishwa. Nimelikubali hilo.

Januari iliyofuata nilisimama mbele ya darasa la kwanza jipya, nikaweka daftari mezani. Nikawasomea fimbo. Watoto 61 wakaandika fimbo, isipokuwa wawili walioandika "fibo", na hao tulikwenda nao taratibu hadi wakaijua.

Likizo ya Juni nikaenda nyumbani. Mama alikuwa jikoni. Sikuwa nimemwambia jinsi nilivyo sasa. Kwenye simu alisikia tu sauti. Akaniambia, "Hebu cheka nione." Nikacheka. Akasogea, akanishika kidevu kama alivyokuwa akinishika nikiwa na homa, akapitisha kidole gumba juu ya meno ya mbele, moja baada ya jingine.

"Yanauma?"

"Hayaumi, Mama."

Akanyamaza kidogo. Yake ni yale yale ya kahawia, na mengi hayapo. Akasema, "Mimi ndiye niliyekupikia magadi. Maji niliyachota mimi."

"Nawe ulichotewa hayo hayo, Mama. Hakuna aliyetuambia."

Hakujibu. Nyuma ya nyumba sasa kuna tangi la maji ya mvua ambalo kaka amelifunga kwenye paa kwa ajili ya watoto wake. Wao hawanywi mengine, na makande yao huiva polepole bila magadi. Mama akachukua jagi, akatoka. Nikasikia bomba la tangi likifunguliwa. Akarudi, akanimiminia kikombe kilichojaa hadi ukingoni, akasimama pale pale akinitazama nikinywa hadi tone la mwisho, kana kwamba bado nina miaka minne.