Chupa ya Babu Iliyonitoa Udenda

Jamani msomaji wangu, tamaa mbaya! Mwenzio Desemba iliyopita nusura nimwibie bibi yangu mzaa baba. Tena si ng'ombe, kama mnavyotudhania sisi watu wa Tarime. Nilitaka kuiba waini.

Ilianza hivi. Nikiwa geto kwangu Mwanza nilisoma habari za chupa moja ya waini nyekundu ya Ufaransa, Romanée-Conti ya mwaka 1945. Oktoba 2018 iliuzwa mnadani New York kwa dola 558,000. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya shilingi bilioni moja, kwa kitu ambacho ukikinywa jioni, asubuhi umeshakikojoa! Bei yote hiyo inaletwa na uhaba. Shamba lenyewe halifiki hekta mbili, mwaka ule zilitoka chupa 600 tu, kisha mizabibu ikang'olewa ipandwe mingine.

Uhaba! Neno hilo likanipeleka moja kwa moja kwenye kabati la vyombo la bibi, kule Nyarero.

Babu alikuwa askari, na alipostaafu mwaka 1988 alirudi kutoka Dodoma na sanduku la bati, redio, na chupa moja ya divai nyekundu ya DOWICO, kile kiwanda cha serikali. Mizabibu Dodoma ilianzia kwa mapadri wa Kitaliano pale Bihawana, miaka ya 1950, wakitaka divai ya misa. Ardhi ikakubali mno, maana jua la Ugogo linawapa wakulima mavuno mawili kwa mwaka, wakati Mfaransa anavuna mara moja. DOWICO yenyewe leo haipo tena. Mimi nikajiambia: chupa ya kiwanda kilichokufa, umri zaidi ya miaka thelathini, si ndiyo mali hiyo?

Nikamweleza mshikaji wangu mmoja, mhudumu wa hoteli, anayejua mambo ya waini. Badala ya kushangaa akaniuliza, "Imelazwa au imesimama?"

"Imesimama."

"Wapi?"

"Juu ya kabati. Dirishani. Chini ya bati."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akanieleza kuwa chupa ya koki hulazwa ili waini iiloweshe koki. Ikisimama miaka, koki inakauka, hewa inaingia, na hewa ndiyo inayogeuza divai kuwa siki. Inataka giza, na ubaridi wa nyuzi 12 au 13 usiopanda na kushuka. Tena waini nyingi duniani hazitengenezwi zikae. Ni za kunywa ndani ya miaka michache. Na wanunuzi wakubwa hawadanganyiki siku hizi, tangu yule Rudy Kurniawan, aliyekuwa akichanganya waini nyumbani kwake huko Marekani na kuzibandika lebo za kifahari, apigwe miaka 10 jela mwaka 2014.

Unadhani nilisikia? Tamaa haina masikio. Nilinunua chupa mpya ya nyekundu ya Dodoma, nikapanda basi la Sirari, nikashuka Tarime, nikamalizia na bodaboda. Mpango wangu ulikuwa kubadilisha chupa usiku. Bibi macho hayaoni vizuri, nani atajua?

Usiku wa saa nne niko sebuleni na tochi ya simu, chupa mbili mkononi, nikasikia nyuma yangu: "Mume wangu, umeniletea mke mwenza wa chupa yangu?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikakiri yote, mpaka ile habari ya bilioni. Bibi hakukasirika, na hapo ndipo aliponimaliza. Alikaa kwenye kigoda akaniambia, "Babu yako alisema tutainywa siku nzuri. Baba yako alipooa nikamwambia ndiyo leo, akasema bado. Tulipoezeka bati, bado. Ulipozaliwa wewe, bado. Siku tuliyomzika nikaitazama pale ilipo, nikasema, haya, wewe na bado yako." Akanyamaza kidogo. "Kesho mwanao wa haramu huyo tumfungue."

Kesho yake alichinjwa mbuzi. Basi nikaonyesha ujuzi niliofundishwa. Ya zamani unaiacha imesimama siku nzima ili machicha yatulie chini, unamimina polepole bila kuitikisa, na tone la mwisho unaliacha humo humo. Koki ilivunjika vipande, nikachuja kwa kitambaa safi cha chai. Rangi haikuwa nyekundu tena, ilikuwa ya matofali. Harufu: zabibu kavu zilizochemka, halafu siki ikakupiga puani. Kosa si la kiwanda, ni letu sisi na bati letu.

Baba mdogo aliitema. Mimi nilimeza kwa adabu. Bibi alipewa yake kwenye kikombe cha chai, akainywa yote taratibu, hakukunja uso. Iliyobaki aliichukua mwenyewe, akaenda kuimwaga kule migombani kwenye kaburi la babu. Alikaa huko muda mrefu. Hakuna aliyemfuata.

Aliporudi ndipo tukafungua ile mpya, na hapa, vijana wenzangu mnaoishia kuibugia dompo kama soda, sikilizeni. Ule usemi kwamba nyekundu hunywewa bila kupozwa ni wa nyumba za Ulaya zenye baridi. Kwa joto la Mwanza au Dar iweke kwenye friji nusu saa kwanza. Nyarero kuna ubaridi wa milimani, kwa hiyo tuliilaza tu kando ya mtungi wa maji. Ikiwa changa na kali, ifungue saa moja kabla. Ya kizee kama ile ya babu usiichelewesheshe, inakufa haraka. Usijaze glasi, theluthi moja inatosha, uizungushe, uinuse, kisha unywe kidogo. Ule ukakasi unaokausha ulimi usikutishe: kula nao nyama ya mafuta. Mbavu za mbuzi zile, aisee, ndipo nilipoelewa mapadri walikuwa wanafaidi nini! Na ukiifungua usiirudishe kabatini kama pambo. Siku tatu nne, imalize.

Hiyo ilikwisha kabla jua halijazama. Bibi aliomba kikombe cha pili, akasema hii ndiyo babu yake alikuwa anamsimulia, tamu kwa mbali na kali kwa karibu.

Asubuhi nilimkuta uani anaiosha ile chupa ya zamani kwa mchanga na maji ya moto. Nikamwambia, bibi, lebo itatoka. Akasema itoke tu, samli haisomi.