Gadi na Jeki

Kuinua kitu kizito ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, nayo ndiyo kubwa, ni kukizuia kisianguke. Jambo hili nilifundishwa mara mbili katika kisiwa cha Pemba: kwanza na mashua, kisha na ndege.

Nilikuwa mtoto wa miaka 12, na babu yangu alikuwa fundi wa vyombo katika pwani ya Wete. Siku moja maji yalikupwa, mashua ikakaa mchangani, ikategemezwa kwa magadi huku na huku ili itiwe kalafati. Nilitumwa kukita gadi moja. Nililikita juu ya mchanga mtupu, bila ya ubao chini yake, kwani roho yangu ilikuwa mchezoni. Gadi lilizama, mashua ikalala, na mkono wa binamu yangu ukabanwa. Vidole viwili havikukunjuka tena. Watu walisema ajali haina kinga. Mimi nilinyamaza, nikajifunika msemo huo kama shuka.

Miaka mingi baadaye niliteremka katika uwanja wa ndege ulio karibu na Chake Chake, nikitokea Unguja. Kando palikuwa na ndege ndogo ya injini moja iliyopasukiwa na mpira. Fundi wake, mtu mzima mwenye mvi, hakulitazama gurudumu kwanza. Alitazama minazi apate kujua upepo ulikotoka, maana bawa limeumbwa liinuliwe na upepo, wala halijui kuwa ndege imo matengenezoni. Alihakikisha hamna mtu ndani, akatia kabari mbele na nyuma ya magurudumu mazima, kisha akalaza ubao chini ya jeki.

“Shikamoo, mzee. Mbona wainua kidogo kidogo?” nilimwuliza.

“Marahaba, mwanangu. Mguu huu ni chuma chenye kunepa. Uzito umeupanua, uzito ukitoka, hurudi ndani, ukaivuta jeki ikalala. Basi nainua, natazama, nasawazisha.”

Gurudumu lilipoachana na ardhi kwa upana wa kidole, aliacha kuinua. Akatoa upepo wote uliosalia kabla ya kugusa bolti zinazounganisha nusu mbili za rimu. Anayezilegeza mpira ukiwa umejaa huzifanya nusu hizo kuwa risasi.

Wako watu katika nchi nyingine waundao ndege nyumbani mwao, kama babu alivyounda mashua. Ndege ya kiwandani ina kitabu kinachotaja mahali pa kutia jeki. Aliyeunda yake mwenyewe hana budi apajue alipopatia nguvu, la sivyo jeki itatoboa kile iliyopaswa kukibeba.

Lakini macho yangu yalibaki juu ya ule ubao. Ulikuwa hauzidi dhiraa moja, nao ungalitosha kuviokoa vidole viwili. “Ajali haina kinga” ni maneno ya kumliwaza aliyekwisha kuumia. “Tahadhari kabla ya hatari” ni maneno ya mtu aliye kazini. Kosa langu lilikuwa kuyatumia ya kwanza mahali pa ya pili.

Jioni ile, huko Wete, nilimwambia binamu yangu habari ya ubao. Alinitazama kitambo, akasema, “Nalijua tangu siku ile. Nilikuwa nikingoja uniambie wewe.”