Safari Yetu ya Rufiji kwa Masahibu wa Zamani

Twapenda kukusimulia safari tuliyoifanya sisi na mwenzetu wa nyumbani katika mwezi wa Julai 2025, wakati chuo chetu hapa Mbagala kilipokuwa kimefungwa, kusi inavuma, na njia ni kavu. Gari lilikuwa la mpwa wetu, gari dogo lililokwisha kuona mengi, nasi tuliazimwa kwa masharti mawili: tutie mafuta wenyewe, na tusilipitishe matopeni. Sharti la kwanza tulilitimiza.

Utotoni tulisoma Kibiti kwa maalim mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tulikuwa watoto wanne tulioketi jamvi moja, tukaandikia wino wa masizi, tukaoshea mbao zetu katika pipa moja. Mmoja wetu leo yuko Bungu, analima mikorosho. Wa pili alirudi kwa wazee wake Salale, ndani ya delta. Wa tatu hakuondoka. Anakaa nje kidogo ya mji wa Kibiti. Wa nne ni sisi, tuliokuja Dar es Salaam kutafuta riziki na kusomesha. Mwenzetu wa nyumbani aliitaka safari hii kwa miaka minane, nasi kila mwaka tukiitafutia udhuru. Sababu yake tutaitaja mahali pake.

Tulitoka baada ya sala ya Alfajiri, tukaishika barabara ya Kilwa. Vikindu, Mkuranga na Kimanzichana tulizipita bila kusimama, ila mara moja, mwenzetu aliponunua mananasi matatu kando ya njia na kumshinda mchuuzi kwa bei, kisha akamrudishia nusu ya alichompunguzia, akisema kijana yule ana uso wa njaa. Hesabu za namna hiyo hatujapata kuzielewa katika maisha yetu yote ya ndoa.

Tulipofika Bungu sahibu yetu wa kwanza alikuwa shambani, anapuliza salfa. Mikorosho ilikuwa imeanza kuchanua, na huo ndio wakati wa kuikinga na ubwiri unga, maana ugonjwa huo ukiingia katika maua hakuna korosho ya kuvuna mwezi wa Oktoba. Alikuwa mweupe kichwani na kifuani kwa unga wa salfa, akakataa kutupa mkono mpaka akoge. Adhuhuri tulisali pamoja, naye akatania kwamba wasafiri wana raha, wanapunguza rakaa na kuchanganya sala, lakini kwenye sahani ya wali hawapunguzi. Akatueleza habari za chama cha msingi na mnada, bei ya mwaka huu na ya mwaka jana, kwa urefu ambao mkulima yeyote wa Pwani anaujua.

Tulipoagana aliinama dirishani mwa gari akauliza kwa sauti ndogo, "Maalim, na kwake mtafika?" Tukamjibu, inshallah. Akatikisa kichwa, wala hakuongeza neno.

Kutoka Bungu njia inakata kushoto kuelekea Nyamisati, yapata kilomita 40. Nyamisati ndipo mlango wa delta, na ndipo watu wa Mafia wanapopandia vyombo vya kwenda Kilindoni. Gari tuliliacha kwa mwenye duka mmoja, nasi tukangoja maji. Mgeni asiyejua hudhani chombo ndicho kinachongojwa. Kumbe katika delta mwenye amri ni maji. Yakipwa, vijito vingi huwa tope tupu na boti hulala ubavu. Yakijaa, hapo hapo palipokuwa na kaa wanatembea hupita mashua iliyojaa magunia. Tulingoja mpaka baada ya Alasiri.

Msomaji kijana huenda amesoma shuleni kwamba delta ya Rufiji ina misitu mikubwa ya mikoko, ipatayo hekta 50,000 na zaidi. Ukiwa ndani yake tarakimu hiyo haina maana. Unaona kuta mbili za kijani na maji yenye rangi ya chai ya maziwa, na mto unagawanyika, unakutana, unagawanyika tena, hata humjui tena nani mto na nani bahari. Nahodha wetu, kijana ambaye hajafika miaka ishirini na mitano, alitutajia miti kama anayetaja jamaa zake. Mkoko wenye mizizi kama miguu ya kaa; mchu unaotoa vidole juu ya tope; mkandaa, ambao maganda yake hutia rangi; msindi ulionyooka; mkomafi wenye tunda kubwa kama mpira; na msikundazi, ukaao mahali maji yanapoanza kuwa matamu.

Miti hiyo ndiyo iliyojenga nchi za mbali. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni na Uajemi yalikuja na kaskazi, yakapakia boriti za Rufiji, yakarudi na kusi kwenye nchi zisizo na miti. Dari za nyumba za zamani katika Ghuba zilisimama juu ya boriti za pwani yetu, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, wala si matakwa ya mwenye nyumba. Mwenzetu aliposikia hayo alisema kwamba sasa ameelewa kwa nini vyumba vya nyumba za kale za Unguja ni virefu na vyembamba, na yeye siku zote akidhani ni ubahili.

Humu ndimo pia ilimojificha manowari ya Wajerumani, Königsberg. Mwezi wa Septemba 1914 iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja, kisha ikaja kujibanza katika vijito hivi. Waingereza waliizingira kwa miezi, na mwisho wake ulifika tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake Wajerumani waliiondoa wakaivuta nchi kavu wakaendelea kupigania. Tulimwuliza nahodha kama wazee wake walimhadithia habari hizo. Akasema ndiyo, lakini wazee walizungumza zaidi juu ya watu waliobebeshwa mizigo kuliko juu ya meli.

Salale tulifika Magharibi inakaribia. Sahibu yetu wa pili alitupokea kwa furaha ambayo kalamu haiwezi kuieleza, akatuchukua shambani kwake, ambako mavuno ya mpunga yalikuwa yanamalizika, na familia nzima ilikuwa ingali inakaa kwenye dungu. Dungu, kwa msomaji asiyelijua, ni nyumba iliyoinuliwa juu ya nguzo, ambayo mkulima wa Rufiji hukaa ndani yake msimu mzima kulinda mpunga wake dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Ngazi yake ilimtisha mwenzetu kidogo, lakini akishakaa juu, na upepo unapita chini ya miguu, hakutaka kushuka. Tulikula wali mpya kwa kamba waliovuliwa siku ile. Wali mpya una harufu yake.

Sasa yatupasa kusema tuliyoyaahirisha.

Katika miaka ya 2016 na 2017 nchi hii ya Kibiti na Rufiji iliingiwa na msiba. Watu wenye silaha wasiojulikana waliwaua viongozi wa vijiji na raia wengine, mmoja mmoja, nyakati za usiku, majumbani mwao. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa pamoja. Pikipiki zilikatazwa kutembea usiku, watu wakafunga milango mapema, na wengi walihama. Siku hizo mtu wa Kibiti akifika mjini alitazamwa mara mbili, na akiwa na kanzu na ndevu, mara tatu.

Mwezi wa Mei mwaka ule sahibu yetu wa Kibiti alitupigia simu. Jirani yake alikuwa ameuawa. Hakutaka fedha, alitaka tuwapokee watoto wake wanne kwa muda, mpaka hali itulie. Tulimjibu kwamba nyumba imejaa.

Haikuwa imejaa. Na hapa, msomaji, neno "sisi" lisikudanganye, maana si sote wawili. Mwenzetu alikuwa amesimama mlangoni anasikia, na kabla simu haijakatwa alikwisha kuanza kutandua magodoro. Aliyekataa ni huyu anayeandika, mwalimu anayewafundisha watoto wa watu kila siku haki ya jirani na haki ya mgeni. Tuliogopa maswali ya majirani. Tuliogopa chuo chetu kisije kikatiliwa shaka. Usiku ule mwenzetu aliyarudisha magodoro mahali pake bila kusema neno. Hakusema neno juu ya jambo lile kwa muda mrefu, nasi tungaliona nafuu lau angetugombeza.

Basi juu ya dungu lile, katika mazungumzo, sahibu yetu wa Salale akasema, kama anayetaja jambo dogo, "Hapa mlipolala ndipo walipolala wale watoto." Tukauliza, watoto gani? Akatushangaa. Watoto wa Kibiti walikuwa wamepandishwa boti Nyamisati, wakakaa kwake miezi mitano. Alikuwa na wake sita. Walilala kumi juu ya dungu moja, kwa zamu ya chandarua, na mwaka ule mpunga haukuwa mwingi. Hakuyasema hayo ili kutusuta, kwa kuwa hakujua kwamba sisi ndio tuliokuwa wa kwanza kuombwa. Mwenye Kibiti hakumwambia. Kwa miaka minane alikuwa ametusitiri.

Usingizi haukuja. Usiku kucha tulisikia maji yanapanda chini ya nguzo, kisha yanashuka.

Tuliondoka na maji ya asubuhi, na kabla ya Adhuhuri tulikuwa tumekwisha rudi barabara kuu na kuingia Kibiti. Mji umekua sana tangu ulipofanywa makao ya wilaya yake yenyewe. Maduka mapya, pikipiki tele, watu wanauza na kununua mpaka usiku. Chuo cha maalim wetu hakipo tena, mahali pake pana banda la kuuzia saruji. Tulisimama pale kidogo, tukamwombea dua.

Nyumba ya sahibu yetu tuliifikia tumeshika mananasi mawili yaliyobaki, zawadi duni kwa deni lile. Alikuwa barazani anasuka kamba ya ukumbuu wa kitanda. Aliinuka, akatukumbatia, akatuketisha, akaagiza madafu. Tulitaka kuanza kusema lakini koo lilikauka. Yeye akatutangulia: "Maalim, nyumba yenu ingali imejaa?" Akacheka. Tulijaribu kucheka, tukashindwa, tukamwambia yote, kwamba haikuwa imejaa, kwamba tuliogopa, na kwamba tunamwomba atuwie radhi. Alinyamaza kitambo, anaizungusha ile kamba mikononi. Kisha akasema, "Siku ile ile nilijua haikujaa. Nimekwisha kusamehe zamani. Lakini mimi ni mmoja. Mwenye watoto ni wawili."

Shemeji yetu hakutoka. Alikuwa ametuma salamu kwa binti mkubwa, na chakula kikaletwa na binti huyo huyo, msichana mzima sasa, mwenye adabu, ambaye mwaka ule alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alitupa shikamoo, tukamwitikia marahaba, wala hatukuweza kumtazama. Mwenzetu akainuka, akavua viatu, akaingia uani bila kuitwa. Walikaa huko muda wa sala mbili. Waliyoyasema hatuyajui, na tulipouliza njiani tuliambiwa kwamba si maneno ya wanaume.

Alasiri sahibu yetu alitaka atuonyeshe mto, basi tukapanda gari sote wawili, mwenzetu akabaki na shemeji. Tulipita Ikwiriri mpaka daraja la Mkapa, ambalo lilifunguliwa mwaka 2003 na lina urefu unaokaribia kilomita nzima. Wenye umri wetu hawawezi kulipita bila ya kukumbuka kivuko cha Ndundu, na jinsi magari ya Kilwa na Lindi yalivyolala ng'ambo siku nyingi wakati wa masika. Tuliliacha gari kando ya njia, tukashuka mpaka ukingoni.

Akatuonyesha kwa mkono lilipokuwa shamba lake la mpunga na mahindi. Mwezi wa Aprili 2024 mto ulifurika, ukafunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, na huko Muhoro maji yakaingia majumbani, watu wakahamishiwa mahali pa juu. Wengine walililaumu bwawa jipya la umeme huko juu, wengine wakasema mvua peke yake zilitosha. Yeye hakuwa na hukumu. Alisema wazee wake nao walihamishwa bondeni baada ya mafuriko ya 1968, wakarudi kulima, maana udongo unaoachwa na mafuriko ndio unaolisha. Ameupanda tena ule ufuko, na mwaka huu amevuna magunia.

Kisha akasema, bila kututazama, kwamba mtoto wake wa mwisho amemaliza kidato cha nne, na anataka kujifunza ufundi wa umeme Dar es Salaam mwezi wa Septemba, na kwamba alikuwa akifikiri kumtafutia chumba cha kupanga.

Tulimwambia asitafute. Hakujibu, aliokota kijiti akakitupa majini, tukakitazama kinavyokwenda.

Jioni tuliporudi kumchukua mwenzetu, alikuwa uani anapepeta mchele pamoja na shemeji. Shemeji alitusalimu, kwa mara ya kwanza, akiwa mbali. Mwenzetu alipanda gari na pakacha la mchele mapajani, na tulipofika Jaribu Mpakani, gizani, alituuliza kama lile godoro la futi sita lingali darini, au tulikwisha kuligawa.