Umeme Kiunoni

Jumapili, 4 Mei 2025
Siku ya kwanza ya hedhi. Chango limeanza alfajiri. Kiuno kinavuta hadi mapajani, na kichefuchefu juu yake. Miaka yote ibuprofeni ndiyo ilikuwa ikinisitiri, lakini tangu nigundulike kuwa na vidonda vya tumbo daktari amenikataza kuigusa. Parasetamoli inapunguza kidogo tu. Mama amepiga simu: "Vumilia mwanangu, ukishazaa yatakwisha." Shangazi kazaa wanne na bado hujifunga khanga kiunoni kila mwezi. Sikumkumbusha. Nimesema, "Haya, mama."

Jumatano, 7 Mei
Nimeonana na dada wa fiziotherapia. Kanieleza bila haraka. Wakati wa hedhi ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi hutoa prostaglandini, nazo huufanya mfuko ujikaze mpaka mishipa ya damu ibanwe na misuli ikose oksijeni. Ibuprofeni huzuia prostaglandini zisitengenezwe. Mashine aliyonionyesha, TENS, haishughuliki nazo. Inashughulika na neva.

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kuwa kwenye uti wa mgongo pana kitu kama lango: hisia za mguso zikipita kwa wingi, taarifa za maumivu hupungukiwa njia ya kufika ubongoni. Ndiyo sababu mtoto akijigonga tunamsugua. Mashine inapeleka mapigo madogo ya umeme kupitia ngozini, mara nyingi 50 hadi 120 kwa sekunde.

Nikamuuliza kama imepimwa. Imepimwa: uchambuzi wa Cochrane wa 2024 ulikusanya majaribio 20, ukaona inaweza kupunguza maumivu ya hedhi kuliko mashine bandia, ingawa ushahidi wenyewe bado si imara. Nimependa alivyonieleza yote mawili.

Masharti: asiitumie mwenye kifaa cha moyo; mjamzito na mwenye kifafa wamwone daktari kwanza. Isibandikwe mbele ya shingo wala penye kidonda. Kaniazima.

Jumatatu, 2 Juni
Hedhi imefika. Vibandiko viwili vya mashine chini ya kitovu, viwili mgongoni, usawa wa kiuno. Nimepandisha umeme taratibu hadi nikahisi msisimko wa nguvu usiouma. Nimefundisha vipindi vya asubuhi nikiwa na mashine ndani ya gauni. Maumivu hayakuondoka, ila yamesogea pembeni, nikapata nafasi ya kufikiri. Mwili huuzoea umeme, ikabidi nipandishe tena. Nilipozima, yakarudi polepole.

Jumanne, 3 Juni
Binti wa kidato cha pili hakutokea darasani. Nimemkuta bwenini amejikunja, na bado akajitahidi kusema, "Shikamoo, Mwalimu." Kila mwezi anakosa masomo, na kila mwezi yanazidi. Ameambiwa ndiyo mambo ya kike. Nimemchemshia maji, nikamtilia kwenye chupa, nikaizungushia kitenge akaiweka tumboni. Mashine sikumpa. Maumivu yanayoongezeka namna hiyo huenda yana ugonjwa nyuma yake, kama endometriosisi, na kuyatuliza tu kungeuficha. Aanze kwa daktari.

Jumapili, 8 Juni
Nimemfikiria yule binti wiki nzima. Subira ni tabia njema, na mama aliponiusia alinipa alichopewa na mama yake. Lakini mfuko wa uzazi uliokosa oksijeni hausikii nasaha. Maumivu haya yana chanzo kinachojulikana, basi yastahili kutibiwa kama maumivu mengine yote: kwa dawa kwa anayeiweza, kwa umeme kwa asiyeiweza, kwa joto kwa kila mtu, maana joto nalo limepimwa na linasaidia.

Kesho kwa mkuu wa shule nina maombi mawili: ruhusa ya kumpeleka binti kituo cha afya, na chupa za maji ya moto kwa kila bweni. Akisema wasichana wavumilie, nitamweleza prostaglandini ni nini.