Kopo la Hela

Kaka anasema sarafu za babu tuuze, tugawane, yaishe. Nikamwambia, ngoja kwanza nizipange.

Juu zilikaa shilingi za 1966 zenye kichwa cha Nyerere. Chini yake senti 10 za mkoloni, zile zenye tundu. Chini kabisa, heller za Mjerumani. Moja ya heller 20, ya 1916, ilipigwa Tabora kwenye karakana ya reli wakati wa vita.

Kumbe “hela” tunayoililia kila siku ndiyo hii! Heller 100 zilikuwa rupia moja. Kodi ya nyumba kijijini ilikuwa rupia 3. Asiyekuwa nazo alifanyishwa kazi. Yaani neno lenyewe lilituingia mdomoni pamoja na deni.

Kaka, zingine uza. Ya Tabora niachie.